Kutoka Kipande hadi Kihisi: Historia ya Kupima Mwendo wa Watu Njombe na Makambako

Kihisi cha kuvaliwa kinachotumia mawimbi ya redio ni kifaa kidogo kinachofungwa mkononi, kiunoni au kifuani, ambacho hutuma mawimbi hayo au huyapokea, na kwa kulinganisha jinsi yanavyobadilika hutambua mwili uliokivaa uko wapi, unakwenda kwa kasi gani na umekaribiana na nani. Vifaa vya namna hii huelezwa kwa kawaida kuwa ni uvumbuzi wa siku hizi, wenye asili katika maabara za Marekani, Ulaya na Asia ya Mashariki, na kwa upande wa umeme wake maelezo hayo ni sahihi. Hata hivyo, kazi yenyewe ya kuufuata mwili wa mtu na kuacha kumbukumbu ya mwendo wake ni kongwe kuliko umeme huo, na katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania ilikuwa imekwisha kupata vyombo vyake, maofisa wake na msamiati wake tangu enzi za ukoloni. Njombe na Makambako ni mahali panapofaa kuichunguzia historia hiyo, kwa kuwa kwa vizazi kadhaa serikali na makampuni ziliijua sehemu hiyo hasa kwa watu wake waliokuwa safarini. Insha hii inavifuata vyombo hivyo kimoja baada ya kingine, kuanzia karatasi hadi antena, na hoja yake ni kwamba chombo cha kupimia kimebadilika mara nyingi, ilhali swali la nani anauandika mwendo wa mtu, na nani anabaki na maandishi hayo, limebaki palepale.

Nyanda za wasafiri

Mji wa Njombe uko kwenye mwinuko wa karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, katika nchi ya vilima na mabonde ambayo baridi yake ya Juni na Julai inajulikana Tanzania nzima. Makambako iko takriban kilomita 60 kaskazini mwake, mahali ambapo barabara ya Njombe na Songea inaachana na ile iendayo Mbeya na Tunduma. Wenyeji wengi wa sehemu hizi ni Wabena, na jirani zao wa kusini na magharibi ni Wakinga, Wapangwa na Wawanji, wote wakiwa leo ndani ya Mkoa wa Njombe uliomegwa kutoka Mkoa wa Iringa mwaka 2012. Ardhi hiyo hustawisha viazi, mahindi, ngano, chai, miti ya mbao na, katika miaka ya karibuni, parachichi, lakini mwanzoni mwa karne ya 20 hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoweza kumpatia mkulima fedha taslimu, kwa sababu soko na reli vyote vilikuwa mbali.

Umbali huo uligeuka kuwa tatizo pale serikali ya Kijerumani ilipoanzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, kwani kodi ilidaiwa kwa kila nyumba bila kujali kama mwenye nyumba alikuwa na mahali pa kuuzia mazao yake. Vita vya Maji Maji vilipofika nyanda hizo mwaka 1905, misheni ya Kilutheri ya Yakobi iliyo karibu na Njombe ilishambuliwa mwezi Septemba, na ukandamizaji uliofuata uliacha njaa na kuvunja uchumi wa kaya nyingi kusini mwa koloni. Kodi haikupima mwendo wa mtu, ila ndiyo iliyouanzisha, maana mwanamume aliyedaiwa fedha, na ambaye kijijini kwake fedha hazikupatikana, hakuwa na budi kuzifuata zilipo. Mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Uingereza yaliyoongozwa na Jenerali Edward Northey yalipanda kutoka mpaka wa Nyasaland na Rodesia ya Kaskazini, yakaichukua Njombe na baadaye Iringa. Vita hivyo, vilivyotegemea mabega ya wapagazi kuliko magurudumu, viliwazoesha watawala kumhesabu Mwafrika kwa mzigo aliobeba na siku alizotembea.

Karatasi yenye visanduku thelathini

Chombo cha kwanza kilichorekodi mwendo wa mwili wa mfanyakazi kwa utaratibu maalumu kiliitwa kipande. Chanzo chake kilikuwa mashamba ya kaskazini mashariki, ambako mkonge ulioletwa na Richard Hindorf mwanzoni mwa miaka ya 1890 ulikuwa umekwisha kuwa zao kuu la walowezi. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, utawala wa Kijerumani uliwapa wanaume kadi zilizowalazimisha kuwafanyia kazi Wazungu siku 30 katika kila miezi minne. Waingereza walipoichukua Tanganyika hawakuutupa utaratibu huo, bali waliugeuza kuwa mkataba wa kazi ambao kwa kawaida ulimtaka mfanyakazi akamilishe siku 30 za kazi ndani ya siku 42, na ambao ujira wake ulilipwa kipande kilipojaa.

Kipande kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndani ya karatasi hiyo ndogo mlikuwa na sifa karibu zote za kifaa cha kisasa cha kufuatilia mwili, isipokuwa umeme. Kilikuwa kadi iliyogawanywa visanduku, kimoja kwa kila siku ya kazi, na mfanyakazi alitembea nacho lakini hakuruhusiwa kukiandika, kwani kalamu ilikuwa mikononi mwa karani au msimamizi. Mkata mkonge alipewa kazi ya siku iliyohesabiwa kwa mafungu ya majani thelathini thelathini, na asipofikisha idadi aliyopangiwa, kisanduku cha siku hiyo kiliweza kubaki kitupu hata kama jasho lilikuwa limemtoka tangu alfajiri. Kwa lugha ya wahandisi wa leo, kipande kilikuwa na kizingiti: mwendo ulio chini ya kiwango fulani haukuhesabiwa kuwa mwendo. Kilikuwa pia na hifadhi ndogo ya kumbukumbu, isiyozidi siku thelathini, ambayo ikishajaa ilibadilishwa kwa fedha na karatasi mpya.

Nchini Kenya neno hilohilo lilibeba maana nzito zaidi. Chini ya sheria ya kuwaandikisha Waafrika iliyopitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya vita, kila mwanamume wa rika la kufanya kazi alitakiwa kuwa na kipande chenye alama za vidole na majina ya waajiri wake, na wengi walikitia katika kikasha cha chuma kilichoning'inizwa shingoni, hadi utaratibu huo ulipofutwa mwaka 1947. Kikasha hicho ndicho kilichokaribiana zaidi na maana halisi ya kifaa cha kuvaliwa, kwa kuwa kilikaa juu ya mwili, kilimtambulisha aliyekivaa kwa mtu asiyemjua, na kilimwezesha polisi au mwajiri kubaini kama mtu ameacha kazi bila ruhusa. Tanganyika haikufika umbali huo, lakini Mbena aliyekwenda Tanga na Mkikuyu aliyekwenda Nakuru waliijua vyema hali ya kubeba karatasi iliyowasema kwa niaba ya mwenye shamba.

Manamba na njia panda

Safari ya kutoka Njombe hadi mashamba ya mkonge ya Kilosa, Morogoro na Tanga, au hadi machimbo ya dhahabu ya Lupa upande wa Chunya, ilifanywa kwa miguu kwa wiki kadhaa, na wasafiri waliugua njiani kwa sababu walishuka kutoka kwenye baridi isiyo na mbu wengi wakaingia kwenye joto na malaria. Idara ya Kazi iliyoanzishwa Tanganyika mwaka 1926 chini ya Meja Granville Orde-Browne ilijenga kambi za kupumzikia kwenye njia kuu za wafanyakazi, ambamo msafiri alipata mahali pa kulala na matibabu. Kwa mara ya kwanza mwendo wa watu wa nyanda za juu ukawa jambo la takwimu, kwa maana kwamba wilaya kama Njombe na Songea zilianza kutajwa katika taarifa za serikali kuwa ni akiba ya nguvukazi. Jina hilo liliwatazama watu kama maji yaliyokingwa bwawani, yakingoja kufunguliwa yaelekee mashambani.

Mwaka 1944, wakati mkonge ulipokuwa ukihitajika sana kwa ajili ya Vita vya Pili vya Dunia, wenye mashamba waliunda chombo cha pamoja cha kuandikisha wafanyakazi kilichojulikana kwa kifupi kama SILABU. Walioandikishwa walisafirishwa kwa malori na treni, wakatambuliwa kwa namba walizopewa, na kutokana na namba hizo Kiswahili kikapata neno manamba, yaani mfanyakazi wa mkataba aliyetolewa mbali. Usemi wa kwenda manamba ulienea nyanda zote za juu za kusini, na ndani yake mna uchambuzi wa kijamii ambao vitabu vingi vimeueleza kwa maneno marefu zaidi: mtu aliyeondoka kwao akiwa na jina, ukoo na utani wake, alifika shambani akiwa tarakimu. Msamiati wa leo wa vihisi unatembea katika njia hiyohiyo, kwa sababu kila kifaa cha redio kinachovaliwa kina namba yake ya pekee, na mfumo haumjui aliyekivaa ila kwa namba hiyo.

Baada ya uhuru njia zilibadilika kuliko watu. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilijengwa upya, na reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860 ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976, ikiwa na stesheni Makambako. Barabara ya lami kutoka Makambako hadi Songea ilipofunguka katika miaka ya 1980, Makambako ikawa njia panda kamili, yenye maghala, nyumba za wageni, mafundi wa magari na wachuuzi wanaokimbilia madirisha ya mabasi wakiwa na vikapu vya viazi na mahindi ya kuchoma. Vijijini, ufuatiliaji wa mwendo ulikabidhiwa kwa jirani, kwani mfumo wa nyumba kumi ulioanzishwa na chama cha TANU katika miaka ya 1960 ulimpa balozi jukumu la kujua nani amefika, nani ameondoka na mgeni amelala wapi. Balozi alikuwa kihisi chenye macho na masikio, aliyefahamu pia jambo ambalo kifaa hakiwezi kulifahamu, yaani sababu ya mtu kusafiri.

Kazi za ujira nazo zilikuwa zimekwisha kuanza kupatikana karibu na nyumbani hata kabla ya uhuru. Kampuni ya miwati iliyoanzishwa Njombe mwaka 1949 na Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza, ambayo jina lake la kifupi ni TANWAT, iliajiri watu wa kupanda miti na kuchuna magome yanayotoa dawa ya kusindikia ngozi, na mashamba ya chai yakapanuka Luponde na Lupembe. Kipimo cha mchuma chai hakikuwa siku bali uzito, kwa sababu majani mabichi aliyoyachuma yalipimwa kwenye mizani na kuandikwa kwa kilo. Mpangilio wa kihistoria unaonekana hapa waziwazi: kipande kilihesabu siku, mizani ikahesabu mazao ya mwendo wa mikono, na kihisi kinakuja kuuhesabu mwendo wenyewe, mkono unapoinuka, unapochuma na unapotua kapuni.

Mawimbi yanavyouona mwili

Historia ya mawimbi ya redio katika kuutambua mwili ilianza mbali na nyanda hizi. Heinrich Hertz alithibitisha kuwapo kwa mawimbi hayo Ujerumani kati ya mwaka 1887 na 1888, na jina lake likawa kizio cha masafa, yaani idadi ya mitikisiko ya wimbi katika sekunde moja. Megahezi moja ni mitikisiko milioni moja kwa sekunde, na gigahezi moja ni mitikisiko bilioni moja. Mwaka 1920 mwanafizikia Mrusi Lev Termen, anayejulikana zaidi kama Léon Theremin, alitengeneza ala ya muziki inayopigwa bila kuguswa, ambamo mkono wa mpigaji ulipoisogelea antena ulibadilisha masafa ya saketi na kwa hiyo ukabadilisha sauti. Baadaye alitengeneza jukwaa ambalo mchezaji alilidhibiti kwa mwili wake mzima, na kwa hiyo ngoma ilitoka kwa mchezaji badala ya mchezaji kuifuata ngoma. Mwaka 1948 Harry Stockman alichapisha makala kuhusu mawasiliano yanayotumia nguvu ya wimbi lililoakisiwa, wazo ambalo ndilo msingi wa vitambulisho vya redio visivyo na betri, ambavyo huamshwa na wimbi la kifaa kinachovisoma na kulijibu kwa kulirudisha likiwa na namba yao.

Wazo la Stockman lilienea kwa wanyama na wanariadha kabla ya kuwafikia watu wa kawaida. Kitambulisho kidogo kinachofanya kazi kwenye masafa ya kilohezi 134.2 kilitumika kuwatambua mifugo, na katika miaka ya 1990 teknolojia hiyohiyo ilifungwa kwenye viatu vya wakimbiaji wa marathoni, ili mkeka wenye antena uandike muda wa kila mmoja anapoukanyaga. Tanzania ilitunga mwaka 2010 sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo, na hereni za kielektroniki zilizokuja baadaye zinamfanya ng'ombe awe amevaa redio sikioni, ingawa redio hiyo hunyamaza mpaka kifaa cha kuisoma kitakaposogea karibu.

Kihisi kinachofuatilia mwendo wa mwili hutumia njia moja au zaidi kati ya nne. Njia ya kwanza ni kupokea ishara za satelaiti za GPS, zinazozunguka dunia kwenye kimo cha takriban kilomita 20,200, na kukokotoa mahali kutokana na muda ambao kila ishara ilichukua kufika. Njia ya pili ni kupima nguvu ya ishara kati ya kifaa na kifaa, kwa kuwa ishara hufifia kadiri umbali unavyoongezeka. Njia ya tatu ni kupima muda wa safari ya wimbi kwa usahihi mkubwa, ambapo kosa la sehemu moja ya bilioni ya sekunde ni sawa na kosa la sentimeta 30 hivi. Njia ya nne inategemea athari ya Doppler, ileile inayofanya honi ya basi isikike nyembamba linapokaribia na nzito linapoachana na msikilizaji, maana wimbi linaloakisiwa na mkono unaosogea hurudi likiwa na masafa yaliyobadilika kidogo. Vifaa vingi huongeza kipimamchapuko, yaani chombo kinachohisi mwili unapoongeza au kupunguza kasi, ambacho si cha redio lakini hutegemea redio kupeleka matokeo yake kwenye simu au kompyuta.

Mwili wenyewe huingilia kazi hiyo. Sehemu kubwa ya mwili ni maji, na maji hufyonza mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo masafa ya vifaa vingi vidogo na ambayo urefu wa wimbi lake ni sentimeta 12.5 hivi. Kifaa kilichovaliwa kifuani husikika vizuri mbele ya mtu na husikika kwa shida nyuma yake, kwa sababu kiwiliwili kimesimama katikati kama ukuta wenye unyevu. Wahandisi wa mwanzo waliiona hali hiyo kuwa kasoro, na watafiti waliofuata wakaigeuza kuwa faida: ikiwa mwili huzuia wimbi, basi vifaa viwili vya kifuani vikisikilizana, waliovivaa yaelekea wameelekeana.

Kilifi, Eyasi na Zanzibar

Afrika Mashariki imekwisha kuwa na mifano halisi ya matumizi hayo. Kando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe walioshiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2014 walitembea na vifaa vya GPS walipokwenda kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi, na ramani za nyayo zao zilionyesha kwamba karibu nusu ya safari hizo zilifuata mpangilio wa hatua fupi nyingi zinazokatizwa na safari ndefu chache, mpangilio ambao wanahisabati wameuona pia kwa wanyama wanaotafuta chakula. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2017, uliotumia vipima mapigo ya moyo vilivyovaliwa kifuani, ulikuta kwamba Wahadzabe walifanya shughuli za nguvu ya wastani au zaidi kwa takriban dakika 135 kwa siku. Wasomi wa afya walizipokea takwimu hizo kama kioo cha maisha ya wanadamu kabla ya kilimo, ingawa Mhadzabe mwenyewe hakuhitaji saa ya mkononi kumwambia kwamba amechoka.

Mfano ulio karibu zaidi na maana kamili ya kihisi cha redio ni ule wa Kilifi, pwani ya Kenya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wakazi 75 wa kaya tano walivaa vihisi vya redio kwa siku tatu mfululizo, ili ijulikane nani anamkaribia nani kwa umbali usiozidi meta moja na nusu, kwa muda gani na saa ngapi za siku. Lengo lilikuwa kuelewa jinsi maradhi ya njia ya hewa yanavyopita kutoka mtoto hadi mtoto na kutoka mtoto hadi bibi. Jambo lenye uzito kwa mwanahistoria ni lile lililofanyika kabla ya kifaa cha kwanza kuvaliwa, yaani majadiliano na makundi ya wanajamii, kwa sababu watafiti walitambua kwamba hawakujua kama watu wangekubali kuvivaa. Utafiti wa namna hiyohiyo ulifanyika baadaye katika kijiji kimoja cha Malawi, nchi inayotazamana na wilaya ya Ludewa, Mkoa wa Njombe, ng'ambo ya Ziwa Nyasa.

Zanzibar ilitoa mfano wa aina nyingine. Mwaka 2009 watafiti walitumia kumbukumbu za simu za mkononi, zisizo na majina ya wenye simu, kukadiria ni wakazi wangapi waliovuka bahari kwenda bara na kurudi, ili wajue malaria ingeweza kurejea visiwani kwa kiasi gani. Simu ni kifaa cha redio kinachokaa mfukoni, na mnara unaoisikia huiandika, bila mwenye simu kuona kalamu wala karatasi. Tangu Tanzania iliposajili laini za simu kwa alama za vidole, kazi ambayo muda wake wa mwisho ulifika mwanzoni mwa mwaka 2020, laini hiyo imeshikamana na mtu mmoja kwa nguvu ambayo kikasha cha chuma cha Kenya hakikuwa nayo, kwa kuwa kikasha kiliweza kuvuliwa na kutupwa kichakani.

Njombe ya leo na maandishi yake

Faida ya kuuelewa mwendo wa watu inaonekana Njombe kuliko mahali pengi. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011 na 2012, asilimia 14.8 ya watu wa Njombe wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na maambukizi ya VVU, kiwango kilichokuwa cha juu kuliko cha mikoa mingine yote ya Tanzania, na tafiti zilizofuata zimeendelea kuuweka mkoa huo juu ya orodha. Uhamaji wa wafanyakazi wa mashamba na misitu, pamoja na biashara ya usiku ya njia panda kama Makambako, hutajwa mara nyingi katika maelezo ya hali hiyo. Ni rahisi kuona namna kihisi kingeweza kusaidia hapa, kama ambavyo kingeweza kumsaidia daktari anayetaka kujua mgonjwa wa kiharusi anatembeaje akiwa kwake, au msimamizi wa msitu anayetaka kumpata haraka mkata magogo aliyeangukiwa na mti kwenye bonde lisilo na njia. Mabonde hayohayo, pamoja na majani ya miti yaliyolowa ukungu, hufifisha ishara, na kwa hiyo kifaa kilichojaribiwa kwenye uwanja mtambarare hakina budi kujaribiwa upya Lupembe kabla ya kukabidhiwa maisha ya mtu.

Historia iliyosimuliwa hapa inaonyesha pia upande wa pili. Mwaka 2018 kampuni ya Amazon ilipewa nchini Marekani hataza, yaani haki za kisheria za uvumbuzi, za bangili ya mfanyakazi wa ghala inayotambua mkono wake uko karibu na rafu gani na kumtikisa akikosea. Msomaji aliyekulia katika familia ya wakata mkonge hahitaji maelezo marefu kuhusu bangili hiyo, kwa sababu anaijua kazi yake: ni karani aliyehama kutoka kwenye meza ya shamba akakaa kwenye kifundo cha mkono. Tanzania ilitunga mwaka 2022 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, ambayo inampa mtu haki ya kuzifahamu na kuzifikia taarifa zinazomhusu na inamtaka mkusanyaji aseme anazikusanya kwa lengo gani. Katika mtiririko wa insha hii, sheria hiyo ni jibu la karne ya 21 kwa mgogoro wa karne ya 20.

Mgogoro huo ulikuwa juu ya visanduku. Manamba asiyejua kusoma aliweza hata hivyo kuvihesabu kwa kidole, na kipande chake kilipoonyesha siku ishirini na tisa ilhali yeye alikumbuka thelathini, alikuwa na kitu cha kukiweka mbele ya karani na kukigombania. Alinyimwa kalamu lakini hakunyimwa karatasi. Aliyevaa kihisi cha redio amebeba maandishi mengi zaidi, yanayoandikwa mara kadhaa kila sekunde, katika lugha asiyoweza kuihesabu kwa kidole na mahali asipoweza kupafika kwa miguu. Kila mradi utakaofunga vifaa hivyo mikononi mwa watu wa Njombe na Makambako, uwe wa hospitali, wa shamba au wa chuo kikuu, utakuwa umeirithi historia ya kipande, upende usipende, na kipimo cha chini kabisa cha uadilifu wake ni kumwachia aliyevaa angalau kile alichokuwa nacho babu yake wa mkonge, yaani nakala iliyo mkononi mwake, anayoweza kuisoma na kusema kwamba siku moja haikuandikwa.